Intahe Iliponyamaza: Yaliyowapata Watu wa Ufukwe wa Kabezi na Rumonge



Wapenzi wasomaji, vijana wetu walioko sekondari na vyuoni wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: jamii huharibikaje? Majirani waliokuwa wakiombana moto na chumvi, wakazikana na kuozana, wanafikaje mahali pa kunyang'anyana mashamba na kuogopana hata kusalimiana? Jibu la haraka ni "siasa" au "ukabila", na wengi wetu tunaishia hapo. Si jibu la uongo, lakini halitoshi. Siasa zimegombaniwa katika nchi nyingi bila jirani kuhamia katika nyumba ya jirani yake.

Leo tuangalie mahali padogo ambapo wengi wetu tuna ndugu: ufukwe wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kusini, ziwa likiwa kuliani na milima kushotoni, unapita Mugere penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliofika huko mwaka 1871, kisha unaingia Kabezi. Ukiendelea hadi kama kilomita 75 kutoka mjini unafika Rumonge, nchi ya mawese na ndagala, na baada yake Nyanza-Lac.

Warundi kwa asili hawakai katika vijiji vilivyosongamana. Kila kaya ina shamba lake kilimani, na mpaka baina ya shamba na shamba mara nyingi ni mti au uzio wa minyaa uliopandwa na mababu. Nani anayekumbuka kwamba mti ule ndio mpaka? Hapo ndipo walipokuja watu walioitwa abashingantahe. Jina lenyewe limetokana na intahe, fimbo ya hukumu, iliyopigwa ardhini wakati wa kuamua kesi. Umushingantahe hakuzaliwa na cheo hicho wala hakuteuliwa na chifu. Alitazamwa na watu wa kilima chake kwa miaka mingi: je, anasema kweli? Anaweza kunyamaza? Analipa madeni? Halafu akaapishwa mbele ya watu wote, mkewe akiwa pamoja naye, na tangu siku hiyo akawa na wajibu wa kusema haki hata dhidi ya nduguye.

Kesi zao zilikuwa za mipaka, mirathi, ng'ombe waliotolewa kwa ahadi ya ubugabire, na ugomvi wa mume na mke. Hawakuwa na polisi wala jela. Kilichowafanya watu watii ni kwamba kila mtu alijua kuwa kila mtu anajua. Aliyekataa hukumu iliyotolewa hadharani alibaki na aibu yake peke yake, na kilimani mtu hawezi kuishi peke yake.

Tusiipambe mno enzi hiyo. Watwa walitengwa na baraza hilo, mwanamke hakuapishwa kwa nafsi yake, na wakuu wa ukoo wa kifalme walijua kuchukua wanachokitaka. Lakini hata aliyedhulumiwa alijua kwamba amedhulumiwa, na aliyedhulumu alijua pia. Lugha ya haki ilikuwa moja. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu makala yote imesimama juu yake.

Rumonge ilikuwa na mchanganyiko wake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Ujiji walifika pwani hii wakitafuta pembe za ndovu na, ni lazima tuseme, watumwa. Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, aliwazuia wasipande milimani, na Rumaliza, yule tajiri wa Ujiji, hakufanikiwa kuivunja nchi yake. Kwa hiyo Uislamu na Kiswahili vilishika mizizi ufukweni: Rumonge, Nyanza-Lac, na baadaye mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Wavuvi, wachuuzi wa mawese, watu wenye asili ya Ujiji na Manyema, Wahutu na Watutsi walikutana soko moja.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 29 Aprili 1972.

Siku hiyo vikundi vya waasi wa Kihutu vilishambulia sehemu za kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, vikiwaua Watutsi, wanawake na watoto miongoni mwao, pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga. Waliouawa na waasi wanakadiriwa kuwa mamia mengi, wengine husema zaidi ya elfu. Jibu la serikali ya Michel Micombero halikuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa, nchi nzima, jeshi na vijana wa chama waliwakamata Wahutu waliosoma au wenye uwezo: walimu, wanafunzi, wauguzi, makarani, wafanyabiashara. Makadirio ya waliokufa huanzia laki 1 na kufika hata laki 3. Warundi wanakiita kipindi kile ikiza, yaani janga, neno linalotumika pia kwa tauni na maafa. Ni kana kwamba lilishuka lenyewe kutoka angani.

Wingi wa wafu unatisha, lakini kwa mada yetu tutazame namna ilivyofanyika. Watu waliitwa kwa majina na viongozi waliowafahamu, na wengi waliitika wakidhani ni mkutano. Waliopanda malori hawakurudi. Nyumba zao, baiskeli, mabati, ng'ombe na pesa zao vikachukuliwa, mara nyingi na watu wa karibu, wakiwa na baraka za ofisi. Jamaa zao walikatazwa kuomboleza, kwa kuwa aliyekufa amekwisha kuitwa mhaini. Mjane hakukaa matanga. Kwa Waislamu tunajua uzito wa jambo hili: kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza, asipoifanya yeyote mzigo unabaki kwa wote. Katika Rumonge ya mwaka 1972 maiti wa dini zote walifukiwa mashimoni bila kuoshwa na bila dua.

Nani angepiga intahe ardhini? Mshtakiwa alikuwa serikali yenyewe, na wazee wenye sauti walikuwa wamekufa, wamekimbia, au wamejifunza kunyamaza. Kilimani watu waliona kwa macho yao kwamba anayeshika haki anapotea na anayejipatia anabaki. Mtoto wa miaka kumi aliyeona hayo hakuhitaji kufundishwa tena.

Wakimbizi, kama 150,000 katika miaka ile ya mwanzo, wengi walivuka kuingia Tanzania. Walipewa ardhi ya pori katika makazi ya Ulyankulu (1972), Katumba (1973) na Mishamo (1978), nao wakaigeuza kuwa mashamba. Huku nyuma Rumonge na Nyanza-Lac mashamba yao hayakukaa tupu. Mengine yalitwaliwa na majirani na maofisa, mengine serikali iliyaingiza katika miradi ya michikichi na kuyagawa kwa wakulima kutoka mikoa mingine. Mgeni aliyepewa shamba mwaka 1976 na ofisi ya serikali, akalilipia kwa jasho, akazalia watoto pale, hakuwa mwizi machoni pake. Mwaka 1986 sheria ya ardhi ikasema kwamba aliyekaa na ardhi miaka 30 bila kupingwa, au 15 kwa nia njema, ni yake. Hesabu mwenyewe: 1972 ongeza 30 ni 2002. Aliyekuwa Mishamo angepingaje?

Msomaji, tazama hapo palipobadilika. Awali dhuluma ilikuwa kuvunja sheria ya watu wote. Sasa kulikuwa na sheria tatu juu ya mchikichi mmoja: ya babu aliyeupanda, ya serikali iliyotoa karatasi, na ya mnunuzi aliyelipa fedha. Kila mmoja alisimama juu ya haki yake, akaapa kwa moyo safi. Hili ni gumu kuliko wizi, kwa sababu mwizi angalau hujificha.

Wataalamu wamelizungumza jambo hili kwa majina tofauti. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1893 na kingine cha 1897 kuhusu kujiua, alitumia neno anomi: hali ambayo kanuni zinazowafunga watu zimelegea kiasi kwamba mtu hajui tena atarajie nini kwa wenzake wala wenzake watarajie nini kwake. Alisema hali hiyo huwaumiza watu ndani, hata wenye mali. Lakini miaka 500 kabla yake, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyewapoteza wazazi wake katika tauni kubwa ya karne ya 14, aliandika katika Muqaddima (1377) kuhusu asabiyya, ule mshikamano unaowafanya watu wawe kitu kimoja. Na alieleza jambo linalofaa sana hapa: kwamba kuchukua mali za watu kwa dhuluma huwakatisha tamaa ya kufanya kazi, na tamaa ikikatika nchi hubaki mahame. Alipotaja dhuluma hakukusudia unyang'anyi wa mtu mmoja tu, bali hasa ule unaofanywa na mamlaka, ambao hauna wa kuuzuia. Nadhani kama angeletwa Rumonge asingehitaji mkalimani.

Uhamishoni nako kulikuwa na somo lake. Mtafiti Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hawa mwaka 1985 na 1986, makazini Mishamo na mjini Kigoma, akachapisha kitabu mwaka 1995. Aliwakuta watu wa jamii moja waliotengana katika namna ya kuishi. Wale wa Mishamo, waliotengwa porini, walikuwa wakisimuliana historia ya 1972 usiku na mchana, kila jambo likipewa maana: sisi ni nani, wao ni nani. Wale wa mjini walifanya kinyume. Walijichanganya, wakaoa na kuolewa, baadhi wakachukua majina ya Kiislamu na kuzungumza Kiswahili cha Ujiji, wasitake kuulizwa walikotoka. Ni rahisi kuwalaumu hawa kwa kusahau na wale kwa kukumbuka mno. Mimi naona wote walikuwa wakitafuta kitu kimoja: utaratibu wa kuishi ambao jirani anautambua.

Mwaka 1993 ulifika. Baada ya Melchior Ndadaye kushinda uchaguzi wa Juni, baadhi ya wakimbizi walianza kurudi na kudai mashamba, na hofu ya waliokuwemo ikawa miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama. Tarehe 21 Oktoba Rais Ndadaye aliuawa, Watutsi wengi wakauawa vilimani, jeshi likaua Wahutu, na vita vikaendelea zaidi ya miaka kumi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wengi wa wakazi wake walikataa kujigawa kikabila wakati mitaa mingine ya Bujumbura ilikuwa ikisafishwa, ingawa nao ulishambuliwa Machi 1995. Jambo hili tunapenda kulisimulia misikitini, na tuna haki. Tukumbuke tu kwamba halikutokea kwa miujiza. Palikuwa na kanuni ya pamoja ambayo ilikuwa bado hai: mwenzangu wa saffu, mwenzangu wa karata na kahawa, hakabidhiwi mtu.

Kabezi haikupata bahati hiyo. Vilima vya Bujumbura Rural vilikuwa uwanja wa wapiganaji wa FNL na jeshi, na raia walikuwa katikati. Septemba 1999 serikali ya Meja Buyoya iliwaondoa watu zaidi ya 300,000 wa mkoa huo katika nyumba zao, wakiwemo watu wa Kabezi, ikawakusanya kwenye kambi za vilimani ili waasi wakose chakula na habari. Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi wa Arusha baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba ile ile, alizikemea kambi hizo hadharani, na katika mwaka 2000 zikavunjwa.

Miezi michache tu, mtu atasema. Lakini fikiria familia moja ndani ya kibanda cha majani kisichotosha watu kusimama. Baba hana ruhusa ya kwenda shambani ila siku alizopangiwa. Mlo wa watoto unatoka kwa wafadhili, na amri ya saa ngapi utoke na saa ngapi urudi inatoka kwa askari aliye rika la mwanao. Wakwe wanalala hatua mbili kutoka kwako, jambo ambalo adabu ya Kirundi inalikataa kabisa. Mabinti wanapita mbele ya kituo cha askari kwenda kuchota maji, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika wakati ule yaliyowapata baadhi yao, pamoja na wanaume kufanyishwa kazi kwa nguvu. Mzee aliyekuwa akisuluhisha kilima kizima sasa alipanga foleni ya maharage kama kila mtu. Wazazi wengi wa Kiafrika tunalalamika kwamba vijana hawatusikilizi. Wa Kabezi walikuwa na sababu zaidi ya luninga.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na ndani yake mkimbizi aliahidiwa kurejeshewa mali yake. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, maarufu kwa herufi CNTB. Mwaka 2007 na 2008 Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kurudi au kuchukua uraia. Zaidi ya 160,000 walichagua uraia, na zaidi ya 50,000 walirejea Burundi, wengi wakielekea ufukwe ule ule wa kusini.

Wakaitwa abahungutse, waliorudi kutoka ukimbizini. Wazee walirudi kwenye michikichi waliyoipanda wakakuta uani kuna wajukuu wa mtu mwingine. Vijana waliozaliwa Katumba walikuja na Kiswahili cha shule za Tanzania katika nchi ambayo ofisi na madarasa yanataka Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kule akakaa na wadogo wa miaka mitatu nyuma yake. Wengine hawakukumbuka kilima cha baba, kwa kuwa baba alikufa bila kusema, na kutosema ndiko kulikokuwa kumemlinda. Kwao serikali ilijenga vijiji vya amani kama Mutambara pale Rumonge, ambako waliorejea, wajane na waliohamishwa na vita walipangiwa nyumba kwa safu. Nyumba zilikuwepo. Lakini mzee wa kuamua mpaka kati ya watu ambao hakuna aliyemjua babu wa mwenzake, huyo haji na mabati.

Tume ya ardhi yenyewe iliyumba kati ya haki mbili. Chini ya Padri Astère Kana, mwenyekiti wa mwanzo, njia iliyopendelewa ilikuwa kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyekuwepo abaki na sehemu. Maelfu ya familia walitia saini hivyo. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, tume ikashika kwamba mali irudi yote kwa mwenyewe wa kwanza, na hata baadhi ya waliokwisha kugawana wakafunguliwa kesi upya. Kila msimamo una hoja yake, na mwenye shamba aliyedhulumiwa hawezi kuambiwa nusu ya haki ni haki. Ila tazama matokeo: mtu aliyekubali kugawana, akampa mkono jirani mbele ya mashahidi, akaja kuambiwa kwamba mkono ule haukuwa na maana. Hili, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa kubwa kuliko ukali wenyewe wa hukumu. Mapema mwaka 2015 watu wa Makamba walipoandamana dhidi ya kuondolewa mashambani, Rais Nkurunziza alisimamisha utekelezaji wa maamuzi ya tume. Muda wake uliisha mwaka 2022, kesi nyingi zikiwa bado.

Ndani ya nyumba mgogoro ulichukua sura nyingine. Mashamba ya Burundi kwa wastani ni chini ya hekta moja, na ukigawa kidogo unazalisha ugomvi wa ndugu wa tumbo moja. Mke wa pili aliyeolewa Tanzania alifika akakuta sheria ya Burundi haimtambui, na watoto wake hawajui wasimame wapi siku ya mirathi. Binti aliyezaliwa ukimbizini alidai sehemu yake, akajibiwa kwamba kwa mila mwanamke harithi shamba, na jibu hilo likatoka kwa watu ambao mila nyingine zote walikwisha kuziacha. Wengi wetu tunaijua mila ya namna hiyo, ile inayokumbukwa pale inapoleta faida.

Serikali nayo ilijaribu kurudisha maadili kwa amri. Mei 2017 iliagiza wanaoishi kinyumba bila ndoa wafunge ndoa kabla ya mwaka kwisha, na foleni zikaonekana kwenye ofisi za tarafa. Vyeti vilipatikana. Sina hakika kwamba mume asiyemheshimu mkewe tarehe 30 Desemba alianza kumheshimu tarehe 1 Januari.

Na intahe? Baada ya uhuru, vyama na serikali zilianza kuwaita abashingantahe watu wao wenyewe, kwa kuapishwa au bila kuapishwa, hadi jina likapoteza uzito. Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 bado iliwataja, ile ya 2010 ikawaacha, kazi ya usuluhishi ikawa ya baraza la kilima lililochaguliwa kwa kura, na kwa kura maana yake ni chama. Mwaka 2021 ikaja sheria nyingine ya kuunda baraza la wazee wa kilima na mtaa, nao wanasikiliza kesi kabla hazijafika mahakamani. Ramani za utawala pia zimebadilika: Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na tangu mageuzi ya 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Burunga.

Lakini shambani swali ni lile la zamani: mpaka ulikuwa wapi? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972, aliyemwona babu yake akipanda minyaa, sasa amevuka 70. Baraza likienda kilimani ndiye anayetangulizwa, ameshikwa mkono na mjukuu aliyezaliwa Katumba, huku jirani anayeshindana naye akimfuata nyuma kimya, kwa kuwa hata yeye hana mwingine wa kumuuliza.